Mtu wa Korosho Katika Nchi ya Migomba

Dada yangu ameolewa Akheri, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, na kila akipiga simu nyumbani Lindi hulalamikia vitu viwili: baridi na ndizi. Baridi haishi, ndizi nazo haziishi. Mwezi Machi, korosho zikiwa zimeshauzwa na ufuta umeshapaliliwa, nikafunga begi kwenda kumwona. Kabla ya hapo sikuwahi kuvuka Segera. Kaskazini yote nilikuwa naijua kwa kusimuliwa.

Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam njia naijua kwa kufumba macho, ila tulipofika Somanga, pale mafuriko ya Kimbunga Hidaya yalipoikata barabara Mei 2024, basi zima lilichungulia dirishani. Kila mmoja akawa na lake. Huyu alilala njiani, yule alizungukia Songea. Sisi wa kusini mabadiliko ya tabianchi hatukuyasoma kwenye vitabu, tumeyakalia foleni.

Asubuhi iliyofuata nikapanda basi la Arusha pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana anayeuza pembejeo, mchangamfu, mwenye simu mbili zisizopumzika. Alipojua naenda kwa mara ya kwanza, akaanza kunipa somo. "Kaka, utawaona wakulima wa kule. Wagumu! Unampelekea mbegu inayowahi kukomaa, inayovumilia ukame, umemchapia na kipeperushi. Anakusikiliza, anakukaribisha chai, halafu anaenda kupanda yake." Nikacheka, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasikia kwetu, sisi ndio tukiwa wagumu. Lakini swali likanikaa kichwani safari nzima: ugumu huo unatoka wapi?

Baada ya Korogwe na mikonge yake iliyopangwa mistari hadi macho yanachoka, milima ilianza kutufuata upande wa kulia. Tulipoingia Same nikapigwa na butwaa. Juu Milima ya Upare ni kijani kitupu, mawingu yamekaa kileleni, na chini tunapopita sisi ni miiba, vumbi na mbuzi. Kwetu mvua ikikosekana imekosekana kwa wote, huwezi kuelekeza kidole mahali ilipojificha. Hapa mtu anasimama kwenye ukame akiitazama mvua ya mwenzake. Sikujua kwamba nimeoneshwa, hapo hapo dirishani, nusu ya jibu la swali langu.

Mbele ya Mwanga mawingu yalifunguka na Kilimanjaro ikajitokeza. Mama mmoja wa kiti cha mbele akawaambia wajukuu zake kwamba yeye akiwa msichana weupe ule ulishuka chini zaidi. Hakuwa anatia chumvi. Wataalamu waliopima barafu ya Kibo wanasema tangu 1912 imepotea zaidi ya asilimia 80. Mimi niliyekuwa naiona kwa mara ya kwanza nilishukuru hata kwa hicho kilichobaki, nikapiga picha hadi simu ikaishiwa chaji.

Nilishuka Tengeru jua likizama, nikachukua bodaboda kupanda Akheri. Dereva, chalii wa miaka kama ishirini, alivaa koti zito na buti za mvua. Nikamuuliza kama ni baridi ya kawaida. "Baridi? Hili joto, mzee! Njoo mwezi wa saba." Meno yangu yakaendelea kugongana kwenye joto hilo hadi tukafika.

Kulipokucha ndipo nilipoona nimelala wapi. Nyumba imemezwa na migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna magimbi, pembeni miparachichi, nyuma ya jiko zizi la ng'ombe wawili ambao hawatoki kwenda kuchunga bali huletewa majani mlangoni. Hiki ndicho kihamba. Nilijaribu kutafuta mpaka kati ya shamba na uwanja wa nyumba, nikashindwa. Eneo lote kwetu lingetosha mikorosho ishirini, na tungeona ni dogo. Huku linalisha watu wa vizazi vitatu, kwa sababu babu aligawa kwa wanawe, na wanawe wakagawa kwa wana wao.

Baba mkwe wa dada, ambaye nyumba nzima humwita Mzee, alinitembeza baada ya chai. Nilitegemea atanionesha kahawa kwa fahari, maana Meru na kahawa nimevisikia pamoja tangu shuleni. Akanionesha mstari mmoja tu. Kwingine kote ameng'oa, akapanda parachichi aina ya Hass. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya hali ya hewa.

"Hali ya hewa ipo," akasema. "Zamani mwezi kama huu usiku tulijifunika blanketi mbili. Sasa moja, na wengine wanalitupa. Mbuni haupendi usiku wa joto."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini Tanzania ulikuta kwamba ni joto la usiku, hasa, linaloumiza mavuno: kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka hupunguza kilo kama 137 kwa hekta, yaani karibu kilo 55 kwa ekari. Mzee hajausoma, lakini blanketi limemwambia.

"Lakini sikung'oa kwa ajili ya joto," akaendelea. "Nimeng'oa kwa sababu mnunuzi wa parachichi anakuja hadi getini. Angekuja wa kahawa kwa bei ya maana, ningepambana na hilo joto."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku yule rafiki yangu wa kwenye basi. Mkulima anayeng'oa zao la baba yake na kupanda la kigeni hawezi kuitwa mgumu. Tena parachichi linataka maji mengi. Kama shida ingekuwa kuelewa ukame, asingelipanda. Anauelewa, ila kwenye hesabu yake ukame ni tarakimu mojawapo, na si kubwa kuliko zote.

Maji yenyewe niliyaona usiku. Zamu ya familia kwenye mfereji ilianza saa sita, nikaomba kumfuata shemeji. Tulipanda na tochi na jembe hadi pale mfereji mkuu unapogawanyika. Hakuna koki wala geti la chuma. Kuna jiwe, matope na maganda ya mgomba yaliyokunjwa. Shemeji akaondoa ganda la upande wetu, akalihamishia upande wa jirani, akakandika tope kwa kisigino, na maji yakageuka yakaja kwetu bila kelele. Akatazama saa kwenye simu. Saa tisa atakuja mwingine kuligeuza. Mfereji huu kwao ni kama maji kujaa na kupwa kwa mvuvi wa kwetu: saa yake haibishaniwi, na asiyekuwepo imempita.

Nikamuuliza kwa nini asichimbe bwawa dogo la kuhifadhi. Akanionesha kwa mkono gizani: huku mpaka wa kaka, huku mpaka wa baba mdogo. "Nikichimba, nachimba sebuleni."

Kesho yake dada alinionesha bustani yake: mchicha na mnavu kwenye magunia yaliyojazwa udongo, nyuma ya jiko. Nikamtania kwamba amekuwa Mmeru kila kitu isipokuwa miti, mbona hapandi miparachichi yake? Hakucheka. "Mti ni wa mwenye shamba, mdogo wangu. Mchicha ni wangu." Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na dada anaijua, aliwahi kuisikia kwenye semina. Lakini kati ya semina na kikao cha ukoo kuna mlima mwingine. Kwa hiyo yeye huchagua kinachovunwa ndani ya wiki chache. Anayekuja kumhubiria kupanda miti ya kivuli kwa ajili ya mwaka 2050 angeanza kwa kuuliza mti huo utakuwa wa nani.

Mwalimu wangu mkubwa, hata hivyo, alikuwa mama mkwe wake. Mama huyu anapikia jiko la mafiga matatu, na juu yake, kwenye dari nyeusi tii kwa masizi, zimening'inia jozi za mahindi zilizofungwa kwa maganda yake. Ile ndiyo mbegu yake. Moshi unafukuza wadudu. Kwenye kabati sebuleni ana pakiti ya mbegu ya dukani, punje za rangi ya waridi kwa dawa. Vyote viwili hupandwa, ya dukani shamba la chini, ya darini shamba la juu.

"Mama, kwa nini usichague moja?"

"Mvua imechagua?"

Masika yalikuwa hayajaanza, na nyumbani palikuwa na ubishi mtamu: tupande sasa kwenye vumbi ili mvua ya kwanza isitupite, au tungoje ardhi ilowe? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa utabiri wa msimu, na kila mtu aliusikia redioni. Utabiri huo unazungumzia nyanda za juu kaskazini mashariki: Arusha, Manyara na Kilimanjaro kwa pamoja. Mama anataka kujua kuhusu shamba la juu na shamba la chini. Akaamua kupanda robo kwenye vumbi na kubakiza kilichosalia. Kwetu msimu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, ukikosea mwanzo unaweza kujirekebisha katikati. Hawa wana vuli na masika, kila moja fupi, na kosa la wiki mbili linaondoka na msimu mzima.

Nikamgusia mbaazi, maana ndilo zao kila mtaalamu hulisifia: mizizi mirefu, jua haliliogopi. Mama akaweka mwiko chini. "Mbaazi za mwaka ule?" Na mimi nikaujua mwaka ule kabla hajautaja. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkuu, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ikaporomoka. Lindi magunia yalijaa ndani hadi tukalala na panya. Kumbe na huku ilikuwa hivyo hivyo. Tukacheka kicheko cha watu waliopigwa na fimbo moja, yeye chini ya Meru, mimi karibu na bahari. Zao lilistahimili jua, halikustahimili soko. Tangu hapo, akasema, mtu akimwambia zao fulani linavumilia ukame, yeye huuliza linavumilia na nini kingine.

Jumamosi tukateremka soko la Tengeru. Sijapata kuona ndizi nyingi namna ile mahali pamoja, za kupika, za kuiva, za pombe, zimelazwa chini kwenye majani yake. Niliuziwa pia ngwara, maharage meusi yenye mstari mweupe, ambayo wenyewe wanayalima lakini mnunuzi mkubwa ni Mkenya, yanavuka Namanga. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa pikapu iliyosheheni mabua makavu ya mahindi, na watu wanayagombea bei. Kwetu mabua tunayachoma au tunayaacha yaoze. Wataalamu wa kilimo hifadhi wanasema yaachwe shambani yafunike udongo usipoteze unyevu, na wana haki. Ila mbele yangu alisimama mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo ada ya mtoto. Udongo na ng'ombe vyote vina kiu, na mabua ni yale yale.

Ndipo shemeji akasema kama nataka kuelewa, nisiishie upande wa mvua. Tukapanda gari la Ngarenanyuki. Barabara kutoka Usa River inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na abiria wenye madumu na vifaranga hupita bila kugeuka katikati ya twiga. Mimi niligeuka hadi shingo ikauma. Kwenye uwanda wa Serengeti Ndogo twiga wawili walituangalia kutoka juu, na konda akaendelea kudai nauli.

Kisha mlima ukatupa mgongo. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unamwaga maji yake upande wa kusini mashariki, ukifika nyuma umebaki mkavu. Migomba ikapotea, kijani kikapotea, majivu ya volkano yakaanza kupanda angani nyuma ya gari. Na katikati ya ukame huo, kando ya mto unaoshuka kutoka hifadhini, mashamba ya nyanya yaliyonyooka vizuri, mashine za petroli zikinguruma kuvuta maji, na matenga ya mbao yakingoja lori.

Niliongea na kijana aliyekuwa akipulizia dawa. Amekodi nusu ekari kwa msimu mmoja. Nikamuuliza kama anaweka samadi, kama anachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Akanijibu bila kinyongo: "Nikiinenepesha, mwakani mwenyewe atapandisha kodi." Nikamuuliza kuhusu kisima kirefu badala ya kugombania mto. Akatabasamu, na tabasamu lenyewe likawa jibu: meno yake yana madoa ya kahawia. Miamba ya Meru imejaa madini ya floraidi, na maji ya ardhini huku yanayo kwa wingi. Wenyeji wa maeneo haya hutambuana kwa meno. Kuchimba chini zaidi si jibu la moja kwa moja kama nilivyodhani mimi wa Lindi.

Mzee mmoja aliyekaa chini ya mgunga akaongeza lake. Hapa ndipo serikali ya kikoloni ilipowatoa Wameru kwa nguvu mwaka 1951, nyumba zikachomwa, watu wakapelekwa King'ori, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alikwenda hadi New York kulifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Mzee huyo wakati ule alikuwa mtoto mgongoni. "Kwa hiyo," akaniambia, "mtu akija na ramani na mpango mzuri kuhusu ardhi yetu, tunamkaribisha kiti. Halafu tunamwuliza maswali mengi." Nikamkumbuka muuza pembejeo na chai aliyokaribishwa.

Siku ya kwenda mjini tulizungukia Oldonyosambu, upande wa magharibi, kwa Waarusha, ambako mvua ni haba na ng'ombe ndio benki. Babu wa rafiki ya shemeji alitueleza namna wanavyoangalia kundi la nyota linapozama jioni. Nikaruka kwenye kigoda: ni kilimia! Nasi pwani tunasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Yeye na mimi, milima na bahari katikati yetu, tunasoma kalenda moja. Akasema siku hizi nyota zinakuja kwa wakati, mvua ndiyo haiji. Nikamuuliza kuhusu mtama, ambao kwetu umewavusha wazee njaa nyingi. Alikubali kwamba unahimili. "Lakini ndege nani atawafukuza? Watoto wako shule." Hapo sikuwa na la kumjibu. Nani atamtoa mtoto darasani kwa ajili ya kwelea?

Arusha mjini nilipiga picha kwenye Mnara wa Saa, ambao wenyeji wanasema uko katikati ya Cairo na Cape Town, nikanunua sweta la mtumba soko la Kilombero, nikakutana na yule rafiki wa kwenye basi dukani kwake. Rafu zimejaa, mabango yamebandikwa, kila pakiti inaahidi. Ana maarifa kweli, na mbegu zake nyingi ni nzuri. Zimepita kwenye vituo vya utafiti vilivyo hapa hapa, Selian na Tengeru. Nikamuuliza: mbegu isipofanya vizuri, unarudisha fedha? Akacheka akidhani natania.

Sikuwa natania. Kila niliyezungumza naye kuzunguka mlima ule anajua kwamba mvua imebadilika, na kila mmoja ameshabadilisha kitu: aina ya zao, siku ya kupanda, idadi ya mifugo. Wanachokataa ni kubeba peke yao hasara ya jaribio lililobuniwa na mtu mwingine. Mwenye shamba hujaribu kuliko mpangaji, mwenye zamu ya maji kuliko asiye nayo, mwenye mnunuzi mlangoni kuliko wote. Afisa ugani anayerudi mwaka wa pili kuuliza ilikuwaje husikilizwa. Anayekuja mara moja na kipeperushi hupewa chai.

Usiku wangu wa mwisho Akheri nilipika mimi. Nilikuwa nimewabebea njugu mawe, nikazichemsha na chumvi kama tunavyofanya kwetu. Nyumba nzima ilizitazama kwa mashaka, kisha sufuria likabaki tupu. Mama akaniuliza zinalimwa wapi, nikamwambia kwenye mchanga, mahali mahindi yanapokata tamaa. Sikuongeza neno, nilishajifunza. Asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni na kiganja kimoja cha njugu ambazo hazikupikwa, anachambua moja moja, zilizotobolewa huku, nzima huku.

"Nitazipanda pale nyuma ya choo," akasema.

"Zisipoota, mama?"

"Nitakuwa nimepoteza kiganja cha njugu na nusu saa ya jembe. Hasara hiyo naiweza, mwanangu. Zile mnazotuletea kwenye magari ndizo siziwezi."